Furushi la Mkia Mweupe

Ta-ta-ta-ta-ta. Ilikuwa ncha ya mkanda wa kiti, ile yenye chuma, ikipigwapigwa na upepo kwenye ubavu wa ndege mahali palipokuwa na mlango. Siku za kudondosha mizigo mlango tuliung'oa tukauacha Karatu, umeegemea ukuta wa stoo kama vile kuna nyumba inahamwa. Mpaka leo baiskeli ikipita na kitambaa kimenasa kwenye spoku, naangalia chini haraka nione kama miguu yangu iko ardhini.

Nilikuwa binti niliyemaliza darasa la saba, basi. Wazazi wangu walitoka Dodoma kuchuma kahawa upande wa Ganako, na mimi nikapata kazi kwenye stoo ya hospitali iliyokuwa na ndege moja ndogo ya kupeleka dawa na chakula kwenye zahanati za mbali. Kazi yangu ilikuwa kushona magunia. Halafu ikaonekana mimi ni mwepesi na sitapiki hovyo, nikawa pia mtu wa kusukuma mizigo angani. Mama alilia siku ya kwanza. Mimi nilicheka njia nzima, nikijiambia siku moja nitakaa kiti cha mbele, nivae miwani myeusi, nipite chinichini juu ya nyumba yetu mpaka mbuzi wa jirani wakate kamba.

Rubani alikuwa mtu wa Singida, mtu mzima, mwembamba, aliyejifunza kurusha ndege jeshini. Nilimwita Baba, yeye aliniita binti, ila asubuhi ilikuwa lazima tuchokozane kwanza.

"Binti wa Dodoma, leo umekula, au njaa ya kwenu imekufuata mpaka huku?"

"Nimekula, Baba. Shikamoo. Kuku wa Singida wameamka?"

"Marahaba. Wameamka, na leo wanaruka."

"Kuku haruki mbali."

"Anaruka akifukuzwa," akasema. "Na masika haya yananifukuza."

Alisema kweli. Masika ya mwaka ule yalinyesha mpaka maharage ya Rhotia yakaota yangali kwenye maganda. Barabara ya kupanda kwenye ukingo wa Kreta, lile shimo kubwa la volkano, ilikuwa matope mekundu matupu. Malori yalilala njiani, utingo wakipika ugali chini ya turubai, na ng'ambo ya mlima watu walikaa bila unga, bila chumvi, bila dawa. Kilichobaki ni sisi na kale kandege.

Asubuhi ninayoikumbuka, redio koli iliita kabla hatujamaliza chai. Alikuwa mganga wa zahanati moja ng'ambo ya Kreta, ambaye watu wote walimwita daktari. Alikuwa na mama kijana, uzazi wa kwanza. Mtoto mzima, ila mama ameshikwa na homa tangu juzi na sasa hamtambui hata mumewe. Penisilini imekwisha. Dripu imekwisha.

"Uwanja ukoje?" rubani akauliza.

"Bata wanaogelea."

"Basi sitatua. Nitadondosha. Waambie watu wakae kwenye ukuta wa zahanati, mtu asiingie uwanjani."

"Nitawaambia. Fanya haraka, ndugu yangu."

Lakini haraka haikuwepo. Mlima ulikuwa umejifunika ukungu, na ukungu ule haufunguki mpaka jua lipate nguvu. Kwa hiyo tulianza na Baray, kule chini kuelekea Eyasi, ambako mvua ni chache na uwanja wa mchanga hukauka upesi. Kabla ya kuruka, rubani alikinga mafuta kidogo kutoka kwenye bawa kwa chupa ya jamu, akainyanyua kwenye mwanga. Chini kabisa kulikuwa na tone la maji, limejiviringa kama shanga, na maji yakifika kwenye injini huizima. Akamwaga, akakinga tena, akamwaga, mpaka shanga ikaisha. Siku nyingine ningemtania kwamba anapima maziwa. Siku ile nilisimama tu, namwona huyo mama ambaye sijawahi kumwona, nikamvisha sura ya dada yangu.

Baray tulishusha chumvi na mafuta ya taa. Akina mama wa huko walitaka kuongea, wakanipa vitunguu, wakaniuliza lini naolewa na rubani. "Huyu? Huyu baba yangu, na ni mchoyo," nikasema, wakacheka. Nami nikacheka, lakini macho yangu yalikuwa kwenye mlima.

Tuliporudi Karatu, mlima ulikuwa umefumbua jicho moja. Tukang'oa mlango. Unga haukuwa na taabu, ile ni kazi niliyoizoea. Unajaza gunia nusu, unalishona kwa shazia, unaliingiza ndani ya gunia kubwa lililolegea. Likifika chini la ndani hupasuka, la nje hubaki limeukumbatia unga wote. Chupa ndizo zilizotutia mawazo. Nesi mkuu alileta godoro la sponji kutoka wodini, akanipa kisu.

"Kata."

"Mgonjwa wake je, Mama?"

"Atalalia blanketi. Kata, mwanangu."

Nikakata. Kila chupa nikaivisha sponji yake, nikazipanga katikati ya sponji nyingine, nikafunga furushi kwa kamba ya katani. Nesi akalifunga mkia wa bandeji, mrefu, mweupe, ili lionekane kwenye majani.

Angani nilikaa sakafuni, kamba kiunoni, miguu mbele ya uwazi, na ule mkanda ukipiga ta-ta-ta-ta sikioni. Tulipita juu ya Kreta. Ziwa lilikuwa chini kule na flamingo ukingoni mwake, kama mtu kalizungushia utepe wa pinki. Kila nilipopita pale niliota ndoto zangu za miwani myeusi. Siku ile niliwaza mtoto ataitwa nani, na nani anamnyonyesha sasa hivi.

Zahanati ikatokea, bati moja linalong'aa, boma za Wamasai kuizunguka, na uwanja wenye madimbwi. Nyuma yake ukungu ulikuwa unateremka mlimani taratibu, kama maziwa yanayofurika sufuria.

"Mizunguko miwili!" rubani akapiga kelele. "Wa kwanza unga. Wa pili dawa. Halafu tunaondoka, umesikia?"

"Nimesikia!"

Akashuka chini mpaka nikaona kwato za ng'ombe zilivyotoboa matope. Akainua mkono. Akaushusha. Nikasukuma kwa miguu yote miwili, gunia, gunia, gunia, na nyuma yetu vumbi jeupe likaruka. Moja lilipasuka ndani na nje.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watu wa boma za karibu walikaa ukutani kama walivyoambiwa. Lakini wengine walikuwa wametembea kutoka mbali, na hawakuwa wameambiwa na mtu. Wao walijua ndege inasimama katikati ya uwanja, na ukitaka unga unaukuta katikati ya uwanja. Basi wakaja katikati.

Tukageuka. Nikalipakata furushi kama mtoto. Akainua mkono, na mimi nikatoa kichwa nje kutazama. Chini yetu kabisa alikuwa koko mmoja, bibi mzee, ameinama, anazoa unga kwa pembe ya shuka yake. Hata hakutazama juu.

Mkono ukashuka. Sikusukuma.

"Sukuma!"

Sikusukuma. Uwanja ukaisha, miti ikapita, furushi bado liko mapajani mwangu.

"Nini? Umefanya nini?"

"Kuna bibi, Baba! Alikuwa chini yetu!"

Alitukana kwa Kinyaturu, sikuelewa, ila nilijua hakunitukana mimi. Mbele yetu ukungu ulikuwa umeshafunika boma za juu. Akaupandisha mdomo wa ndege, akageuza kuelekea Kreta. Kuelekea nyumbani.

"Baba!"

"Nimesema mizunguko miwili."

"Baba, yule mama."

"Mimi nina watoto, binti. Na wewe una mama."

Ni kweli ninaye. Nilikaa tu, kidevu juu ya furushi, machozi yakipeperushwa na upepo kuelekea masikioni. Sijui kama aligeuka akaniona. Nilichosikia ni injini ikibadilisha sauti, na bawa la upande wangu likalala, na ardhi ikaja mlangoni.

"Mara moja," akasema. "Mimi mbele sitaona. Wewe ndiye unaona chini. Pakiwa patupu, sukuma, usiningoje."

Tukaingia. Mbele kulikuwa na weupe mtupu. Chini kulipita bati, kisha ukuta na watu wametunyooshea mikono, kisha dimbwi, kisha dimbwi jingine, kisha majani matupu. Honi ya hatari ya ndege ikaanza kulia kwa sababu tulikuwa tunakwenda polepole mno. Nikasukuma. Mkia mweupe ulikunjuka mara moja, ukanyooka, halafu ukungu ukaula. Lilipofikia sikupaona.

Karatu mvua ilikuwa imenyesha nyuma yetu, na tulipotua gurudumu la kushoto lilizama, likachimba mfereji mrefu kwenye uwanja, ndege ikasimama imeinama kama mtu anayechechemea. Vibarua wa shamba walikuja wakatusukuma, wakiimba na kututania: "Ndege ya kusukumwa! Si mngechukua punda tu?" Rubani alitabasamu. Kisha akaniomba chapati, na nilipompa nikaona hawezi hata kuikata. Nikamkatia.

Saa kumi redio iliita. Niliacha shazia kwenye gunia nikasimama mlangoni.

"Limepatikana," daktari akasema. "Liliangukia kwenye korongo. Morani waliona bandeji imenasa kwenye miiba."

"Chupa?"

"Dripu zimevunjika, imebaki moja. Penisilini nzima. Nimeshamchoma."

"Na yeye?"

Redio ikakoroma kidogo. "Anapumua. Lakini sitakudanganya, ndugu yangu, hapa kwangu hatapona. Anatakiwa hospitali. Wazee wamezuia ng'ombe wasikanyage uwanja, na vijana wanatoa maji kwa ndoo. Usiku usiponyesha, asubuhi unaweza kugusa ardhi?"

"Nitajaribu," rubani akasema. Akaweka chini kile kisemeo, akatazama nje, kule gurudumu lilikochimba. Maji yalikuwa yameshaanza kujaa humo. "Kule wanatoa maji," akasema, si kwangu hasa. "Sijui hapa kwetu kama nitaweza hata kuruka."

Akaenda kulala na viatu miguuni.

Yule mama nilimwona kesho yake, mara moja tu, kabla hawajamwingiza wodini. Alikuwa mdogo kuliko mimi. Sura yake haikufanana hata kidogo na ya dada yangu. Akaniuliza kwa Kiswahili cha shida kama ndege hunywa maji kama ng'ombe, nikamwambia hapana, ikinywa inakufa, akacheka akashika tumbo. Lakini jioni ile sikujua kama nitamwona. Nilijua tu kwamba kuna mtu anapumua ng'ambo ya mlima, na kwamba katikati yetu kuna mfereji wa matope.

Vibarua walikuwa wameshakwenda kwao. Nikaazima jembe na karai kwa jirani, nikavua ndala. Nikachimba njia ndogo kutoka kwenye ule mfereji mpaka ukingoni mwa uwanja, na maji yakakubali kwenda, mekundu, polepole. Kisha nikawa nazoa changarawe barabarani, karai moja baada ya nyingine, namwaga humo. Manyunyu yalianza, yakaacha. Mwishoni nilipanda juu ya ile changarawe nikaruka kwa miguu yote miwili, nikaruka tena, mpaka kisigino kikagonga pagumu.