Spana ya Nyumba Kumi

Kuna mambo mtu hujitakia mwenyewe, halafu analaumu dunia nzima. Mimi spana yangu niliitoa kwa mdomo wangu, mchana kweupe, mbele za watu, na nikapigiwa makofi juu yake.

Ilikuwa spana ndogo ya chuma, haizidi urefu wa kiganja, shingo imepinda, na mdomo wake una kazi moja tu duniani: kuingia ndani ya kichwa cha stovu ya pampu na kufungua lile jicho linalopitisha mafuta ya taa. Jicho likiziba, stovu inatoa moshi badala ya moto. Koleo haliingii, kisu hakisaidii, na ukilazimisha na bisibisi umeua stovu. Ni spana ile au ulale njaa. Na miaka ile ya Ujamaa, ukimuuliza mwenye duka Kariakoo habari za spana ya stovu, alikutazama kama umemuuliza nyama ya nguva. Yetu alituachia mama, pamoja na stovu yenyewe.

Basi siku moja balozi wa nyumba kumi akatuita mkutano. Mada ni kushirikiana. Mmoja akasema ngazi yake ni ya wote, mwingine akatoa toroli lake. Kiherehere changu kikanipandisha. Nikasimama: "Na spana yangu ya stovu ni ya nyumba zote kumi!" Makofi! Mdogo wangu alinifinya paja mpaka nikaona nyota. Kikao kikapitisha kwamba aliye nayo ampe anayeihitaji, isipoteze muda kurudi kwa mwenyewe. Kwa mwenyewe haikurudi tena.

Sasa nieleze kwa nini Jumamosi moja niliitafuta kama mwendawazimu. Tulikuwa wasichana wawili tu katika nyumba ya marehemu wazazi wetu, mimi na mdogo wangu, na mjomba tuliyebaki naye alikuwa mbali, Kilwa. Mdogo wangu alikuwa ameshawahi kujiwa na wanawake wa upande wa mwanamume mmoja, wale wanaotangulia kuonana na wakubwa wa binti kabla posa haijaletwa na wazee. Walikunywa chai, wakaongea habari za mvua, wakaaga. Neno hawakulitoa, wala hawakurudi. Mdogo wangu alilia wiki nzima. Majirani walisema neno la posa haliwekwi mbele ya mabinti wawili, halina wa kulipokea. Mimi nikabisha. Nilisema ni chai ile, ilinuka mafuta ya taa kwa sababu stovu ilikuwa inafuka.

Jumamosi ile walikuwa wanakuja wengine, baada ya alasiri, kutoka Ilala. Kijana huyu mdogo wangu alimpenda kweli. Nikaapa safari hii watakula vitumbua na sambusa mpaka neno liwatoke lenyewe. Unga nilikuwa nimeukoroga, nyama nimeipata kwa foleni ya tangu alfajiri. Nikapiga pampu, nikawasha. Moshi! Mkaa nao ulikuwa umelowa kwa mvua ya siku tatu. Nilitamani kuitupa stovu barabarani.

Nikaanza kwa balozi. "Ah, ilipita hapa mwezi uliopita," ananiambia, huku anachokonoa meno. Akanielekeza kwa mwenye duka, mtu wa Kilimanjaro. Mkewe akanikaribisha chai. Chai! Nikamwambia shemeji, sina muda wa chai, spana iko wapi? Akasema mumewe alimpa fundi baiskeli. Fundi baiskeli naye akaniapia, "Sikuitumia vibaya dada, nilikuwa nagongea tu." Spana ya mama yangu, anagongea! Nilimpa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akasema iko kwa bibi wa nyumba ya kona.

Bibi huyo alikuwa wa ukoo wa Kiarabu. Mumewe alishafariki, wanawe wamekwenda zao Maskati, na yeye amebaki na vyumba vitatu na mlango ambao siku zote ulikuwa nusu wazi. Nilimkuta amekaa nyuma ya mlango, spana iko mapajani.

"Shikamoo bibi. Nimefuata spana."

"Marahaba, mwanangu. Haitoki. Anayeitaka ataleta stovu yake hapa, nitamfungulia mwenyewe. Kaa kwanza, kahawa imeiva."

"Bibi, spana ni yangu!"

"Najua. Lakini ikitoka hapa, nani atanibishia hodi?"

Ningekuwa na akili timamu ningelisikia neno lile. Lakini jua lilikuwa limeshapinduka, unga unaumuka nyumbani, na mimi hasira zimenipanda. Nikapiga kelele, kwa mtu mzima aliyenizidi umri mara tatu: "Kama hutaki kuachana nayo, basi vaa buibui uifuate!"

Akaifumbata spana. Aibu ikanishika. Kisha akasimama taratibu, akavaa buibui, akanifuata.

Uani kwetu alikunja mikono ya nguo, akafungua jicho kwa mizunguko miwili, akalipuliza, akachomoa unywele mmoja kwenye brashi ya waya akalizibua. Akapiga pampu. Moto ukatoka wa buluu, unavuma. Mdogo wangu akabandika kikaango, bibi akakaa kwenye kibao kumgeuzia vitumbua. Cha kwanza kiliungua, cha pili kikaungua, maana alikuwa na maneno mengi yule bibi, Mungu wangu! Alikuwa kama mtu aliyeweka akiba ya mazungumzo mwaka mzima.

"Hodi!" Wamefika, na mapema. Wanawake watatu, wamevaa doti mpya za kanga. Nilimwangalia bibi: masizi mpaka kwenye viwiko, anatoa harufu ya mafuta ya taa. Nikamnong'oneza atokee mlango wa uani. Mungu anisamehe.

Wageni wakakaa mkekani. Wakala, wakasifu. Wakaongea habari za mvua. Kisha wakanyamaza, na kimya kile nilikijua, nilishawahi kukaa nacho. Mkubwa wao akaanza kujifunga vizuri kanga yake, dalili ya mtu anayetaka kuaga. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya pazia, naona vidole vyake vya miguu tu, vimejikunja.

Pazia likasogea. Bibi akaingia anafuta mikono, akakaa kando yangu bila kuniuliza. Wageni wote watatu wakamwamkia, akaitikia. Mkubwa wao akaiachia kanga yake.

"Samahani, mama," akasema, "sisi tulikuwa tunauliza. Mkubwa wa nyumba hii ni nani?"

Bibi hakunitazama. Aliingiza mikono yake ya masizi chini ya buibui.

"Ni mimi," akasema. "Semeni."

Wakasema. Nyuma ya pazia nikasikia mtu anavuta kamasi.

Walipoondoka nilitafuta spana. Uani haipo, kwenye stovu haipo. Bibi alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga yake akaenda nayo, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu ule mkutano, sikuifuata.

Kesho yake stovu iliwaka vizuri tangu asubuhi. Nikaizima, nikaiacha ipoe, nikaibeba mpaka nyumba ya kona, nikabisha hodi. Bibi akaitazama, akainamisha kichwa, akachungulia lile jicho safi alilolizibua kwa mkono wake mwenyewe jana yake.

"Kweli limeziba," akasema, akateleka kahawa.