Uyoga Uliovunjika

Juzi jirani aliniletea uyoga wa kichuguuni kutoka Mpui, mashina yake yakiwa bado na udongo. Nilipofunua ungo, harufu ya majani yaliyooza na mvua ya kwanza ilinipanda puani, na kabla mate hayajanijaa mdomoni, nilikuwa nimeufunika tena. Mimi ni bibi wa wajukuu sasa, lakini mbele ya harufu hiyo narudi kuwa mtoto.

Nyumbani kwetu uyoga ulikuwa na sheria yake. Ukishaiva, Bibi, mama yake baba, alikula kwanza, peke yake, nasi tukasubiri mpaka ng'ombe warudi zizini. Mimi niliamini huo ni ulafi wa wazee uliopewa ruhusa, nikamwonea wivu.

Mwaka ninaousimulia mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, na kihenge kilikuwa kitupu. Mama alikuwa ananyonyesha mdogo wangu, na maziwa yalikuwa yamempungua. Bibi akanichukua porini. Aliutambua uyoga kwa kuangalia umeota chini ya mti gani, na kwa shina lake, akiutaja kila mmoja kwa jina kama anayesalimia majirani. Kikapu kilijaa. Wakati wa kurudi mvua ya mawe ilitukuta mlimani. Tukakimbia, Bibi akateleza, kikapu kikabingirika hadi korongoni. Huko chini kulikuwa na uyoga mwingine, nao ulikuwa umepondwa na mawe ya mvua. Tuliokota vipande, vyetu na visivyo vyetu.

"Uyoga uliovunjika hauna jina," Bibi alisema. Siku zote alipenda mzaha, lakini hapo hakucheka.

Nyumbani aliuchambua kwa muda mrefu, akatupa zaidi ya nusu, uliobaki akaupika kwa chumvi. Mama alinyoosha mkono kuchukua bakuli, akasema leo ataonja yeye. Bibi akalivuta kwake.

"Wewe una anayenyonya. Mimi namnyonyesha nani?"

Mama aligeukia ukutani. Bibi alikula bakuli zima taratibu, akaketi mkekani na rozari yake, akaniita kwa jina la utani alilonipa.

"Mke mwenzangu, kaa hapa. Ukiona punje zimesimama, mwite mama yako."

Hapo ndipo nilipojua kwa nini wazee hula kwanza. Ng'ambo ya kijito palikuwa na nyumba iliyozika watu wake kwa sababu ya chungu kimoja cha uyoga. Nilikuwa nimesikia kilio chao. Nilizikodolea macho zile punje. Harufu ya chungu kilichofunikwa ilinijia, nikawa na njaa, nikaichukia njaa yangu. Punje zilipita vidoleni, moja, nyingine, kisha zikasimama.

Nilifungua kinywa kumwita Mama. Kwanza nikamgusa Bibi mkono. Ulikuwa bado na joto. Bibi akafumbua jicho moja.

"Nimesinzia tu. Na uyoga wenyewe mtamu."

Ng'ombe waliporudi tulikula. Mimi nilimeza bila kutafuna.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mama, muuguzi mmoja alitufundisha kina mama wa parokia kwamba uyoga mbaya kuliko wote hukaa kimya tumboni. Mlaji aweza kulala mzima, akaanza kuumwa kesho yake. Kumbe kusubiri ng'ombe hakukutukinga hata siku moja. Bibi aliuweka uhai wake wote uwe ngao yetu, na ngao ilikuwa na tundu asilolijua. Aliyeliziba namshukuru kila jioni, kwa rozari ileile.

Uyoga wa jirani niliuchambua mmoja mmoja. Mmoja ulikuwa umevunjika. Sikuuonja, wala sikumwachia mtu auonje. Niliufukia nyuma ya nyumba, nikashindilia udongo kwa mguu.