Sketi ya Ngozi Kwenye Shimo la Takataka

Gidabuday alisubiri mama yake, Bi Juliana, aende mnadani Katesh, ndipo akaingia kwenye nyumba ya udongo ya mama na kuanza kutoa aliyoyaita takataka. Vibuyu vilivyopasuka, kigoda kibovu, fimbo, na furushi la ngozi lililokaushwa na moshi nyuma ya magunia ya mahindi. Vyote shimoni. Alikuwa amemjengea nyumba ya bati hapahapa Nangwa, akataka mama ahamie mikono mitupu, kama mgeni.

Nimeyaona haya katika nchi nyingi: watoto wanamfanyia mzazi usafi mpaka wanafagia maisha yake. Bado yananiudhi.

Bi Juliana alirudi kiberiti kikiwa tayari mkononi mwa mwanawe. Mwanamke wa miaka sabini akashuka shimoni mwenyewe, akatoka na lile furushi.

"Mama, hiyo ngozi imeoza."

"Kilichooza ni macho yako! Hii ndiyo sketi niliyoingia nayo kwa baba yako. Wewe mwenyewe ulilala juu yake ukiwa na wiki moja."

"Sikuijua."

"Miaka arobaini imo katika nyumba uliyozaliwa, hukuijua!"

Kwa Wabarabaig, kabila lao, mwanamume aliyeidharau sketi ya ndoa huhukumiwa na wanawake wenyewe. Asubuhi iliyofuata walikuja zaidi ya ishirini, wakaketi uwanjani. Wanaume walikaa mbali.

"Shikamooni, mama zangu," Gidabuday alisema.

"Hatuitikii," alijibu Fabiola, jirani yao. "Vile vibuyu ulivyotupa ni vya nani?"

Alichungulia shimoni, na Fabiola akawageukia wenzake.

"Ng'ombe wake mia anamjua kila mmoja kwa rangi na jina. Kibuyu kilichomlisha maziwa hakijui!"

Walimcheka bila huruma, na alistahili. Hukumu ikawa alipe dume moja jeusi la ng'ombe. Tena atoe kila kitu shimoni kwa mkono wake, amuulize mama ni nini. Alipanda na kushuka mpaka adhuhuri. Kibuyu hiki kilikuwa cha dada yake aliyefariki. Kigoda hiki, cha bibi yake. Mwishoni akainua fimbo, jasho likimtiririka.

"Na hii, mama?"

"Hiyo ni kuni. Tupa."

Jioni Bi Juliana alisimama mbele ya nyumba ya bati, akakataa kuingia mpaka mwanawe apigilie msumari ukutani, mahali pa kuonekana na kila apitaye mlangoni. Kisha akaingia, akaitundika sketi mwenyewe.

"Sasa unaiona?"

"Naiona, mama."

Ndipo akaketi.