Programu Isiyoombewa Ruhusa

Ijumaa ile Hasina alikuwa akianika nguo uani kwao Nguvumali, simu ikaita. Alikuwa Maalim Kombo, aliyemsomesha Kurani tangu utotoni.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba. Mwanangu, ni wewe uliyenitumia kamari?"

Alidhani hakusikia vizuri. Maalim akamsomea: tangazo la kamari, limetoka kwenye namba yake, na chini limeandikwa jina lake. Akaketi juu ya ndoo. Hata kabla hajajibu, wengine walikuwa wanapiga: shangazi yake, mama mkwe, mkuu wa chuo cha Chumbageni alikofundisha kompyuta.

Chanzo kilikuwa programu ya nyakati za swala aliyoipakua wiki hiyo na kuiruhusu, bila kufikiri, kutumia namba zote zilizomo simuni mwake na kutuma ujumbe. Aliiamini kwa kuwa ilibeba jina la kikundi chao, watu wa kujitolea wanaotengeneza programu za bure na kuacha wazi msimbo wake, yaani maagizo yanayoziendesha, anayetaka ausome na kuurekebisha. Na humo kikundini ni Hasina aliyepigania kwamba mwenye wazo jipya aanzishe mradi wake tu, asimwombe mtu ruhusa. Mwenye programu hii alijiunga juzi juzi. Hakuna aliyewahi kumwona wala kusikia sauti yake. Msimbo ulikuwa wazi kwa wote, na hakuna aliyeusoma. Hata Hasina mwenyewe.

Jioni wanakikundi walikutana Makorora, kwa mwenzao Anold. Yeye alitaka kila mradi mpya upitishwe kwanza na viongozi wote. Hasina, macho yamemvimba, alikataa. Kwa kanuni hiyo, alisema, hata kamusi yake ya Kidigo, ambayo mwanzoni wote waliiona upuuzi, isingezaliwa.

"Mtu aanze anavyotaka. Ila jina letu asilipate mpaka wawili wetu wawe wameusoma msimbo wote."

Walibishana mpaka adhana ya isha, wakapitisha hilo. Anold hakuridhika.

Kesho yake Hasina alipita nyumba kwa nyumba kuifuta programu ile kwenye simu za watu walioipakua kwa kuliamini jina la kikundi. Maalim Kombo alimpa simu yake, kisha akauliza aliyeitengeneza ni nani.

"Simjui, maalim."

Mzee alimkodolea macho. "Humjui, na mkampa jina lenu?"

Hasina alibonyeza pasipopasa, ikabidi aanze upya.