Kofi Nililompiga Dada Mwanahawa

Enzi zetu sisi tuliosomea Kisarawe, Kiingereza hakikufundishwa mtu akiwa amekaa. Kilikuwa cha kutembea. Mwalimu wetu wa darasa la tano, mwanamume mwembamba aliyependa suruali zenye mstari wa pasi, alikuwa anakuita mbele, unafanya jambo, na huku unalifanya unalitaja. Unaenda mlangoni: "I am walking to the door." Unasimama mbele ya wenzako: "I am standing in front of the class." Kisha darasa zima, watoto wanne wanne kwenye dawati moja, tunaitikia kwa kuimba: "She is standing in front of the class!" Akina mama waliotoka kuchota maji walikuwa wanasimama njiani kutusikiliza. Bibi yetu aliwahi kuuliza kama siku hizi shuleni kunachezwa ngoma.

Kasheshe ilikuwa kwenye mkia. Mwalimu alituambia Mzungu hasemi tu kwamba anakaa au anatazama, halafu akaishia hapo. Kila kitenzi chenye "ing" lazima kivute nyuma yake kineno na mahali: on the desk, under the tree, at the blackboard. "Kitenzi bila mkia ni kuku aliyenyonyolewa!" alikuwa anafoka. Sisi kwa Kiswahili chetu tulikuwa na mezani, mlangoni, mtoni, na mambo yakaisha. Sasa unaambiwa kuna in, kuna on, kuna at, kuna into, na kila kimoja kina kazi yake na hakikubali kusaidiwa na mwenzake. Tulivikariri hadi vikatuingia kwenye damu. Mpaka leo, na uzee huu, nikitia chumvi kwenye sufuria najikuta nanong'ona, "I am putting salt into the pot." Wajukuu wanadhani nasoma dua.

Njia ya kwenda shule ilikuwa na utamu wake. Mkono mmoja fagio, mkono mwingine kidumu cha maji ya kumwagilia maua ya mwalimu mkuu, na kwenye mfuko wa sketi kipande cha muhogo mbichi. Msimu wa mafenesi tulifika darasani vidole vinanata, kurasa za daftari zikagandana. Mapumziko tulicheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka kengele, tukarudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Watoto wa siku hizi wakitoka jasho wanapelekwa hospitali.

Nilikuwa natembea na dada yangu Mwanahawa, tumbo moja. Alinizidi miaka miwili, ila tulikuwa darasa moja kwa sababu alirudishwa mara mbili. Masika, korongo likijaa, alikuwa ananibeba mgongoni, madaftari yetu kayabana kwa meno, nami nimemkaba shingo napiga kelele za uoga. Kwenye rede hakuna aliyempata. Alijua kusuka, alijua kupika mbaazi za nazi zikakolea kuliko za mama mwenyewe. Mama alikuwa anasema, "Mwanahawa ana mikono, mdogo wake ana mdomo." Tulicheka wote, na kweli ndivyo tulivyokuwa.

Waliosoma wakati wetu wanaikumbuka ile sheria ya darasani. Anayekosa jibu anabaki amesimama. Swali linaenda kwa mwingine, na atakayepata anapita kuwazaba kofi wote waliosimama. Ukipiga kwa huruma, mwalimu anakuonyesha kofi linavyopigwa, kwenye shavu lako wewe. Hatukuona ajabu. Ilikuwa ni sehemu ya masomo, kama chaki.

Siku hiyo mwalimu alimsimamisha Dada Mwanahawa dirishani, akamwambia atazame nje, kwenye mikorosho. "What are you doing?"

"I am looking," akasema dada, akaitazama tena mikorosho. "I am looking the window."

"Mkia!"

"I am looking on the window."

Darasa likaangua kicheko. Alikuwa mrefu kuliko wote, na mrefu akikosa anachekwa mara mbili. Mwalimu akanigeukia mimi. Nilisimama hata kabla hajamaliza kunitaja. "She is looking through the window!" Through lilikuwa neno ambalo nusu ya darasa hawakuweza kulitamka bila kurusha mate. Mwalimu akatabasamu, kitu adimu kwake, akanyoosha kidole kwa dada yangu. "Haya. Mpe."

Ningeweza kumgusa tu, kisha nikapokea langu kutoka kwa mwalimu. Nimeyawaza hayo miaka mingi. Sikufanya hivyo. Nilipiga kweli, kwa sababu alikuwa ananitia aibu, na kwa sababu lile tabasamu la mwalimu nilitaka lisiondoke. Hakulia. Alirudi kwenye dawati letu, akasogea ndani kidogo ili nipate nafasi ya kukaa.

Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Kesho yake alisema kichwa kinamuuma, nikaenda peke yangu. Keshokutwa vilevile. Wiki ilipoisha baba akasema, "Kama hataki shule, jembe lipo," na nyumba nzima hakuna aliyembishia. Hata mimi. Tena nisidanganye: nilipata nafuu. Darasani hapakuwa tena na mtu wa kuniaibisha, na dawati likawa na nafasi. Miezi michache baadaye alichezwa ngoma ya mwali, na kabla sijamaliza darasa la saba akaolewa Janga, upande wa Kibaha. Huko amelima muhogo na ufuta mpaka mgongo umepinda.

Mimi nilikwenda sekondari. Nikapata kazi ya kupiga chapa kwenye ofisi moja ya serikali hapa Kibaha, na maisha yangu yote nimepiga barua zinazoanza "I am writing with reference to". Nyumba hii ya Sofu imejengwa na ile mikia. Kila nikienda Janga nilipeleka sukari, nilipeleka kitenge, nilikaa naye mkekani tukacheka mambo ya zamani. La kofi sikuligusa. Yeye pia hakuligusa, nikajiambia atakuwa amesahau.

Idi iliyopita alikuja kwangu na kiroba cha mbaazi mbichi. Mjukuu wangu, anayesoma shule ya Kiingereza, alikuwa sebuleni. "Hi, bibi," akasema, macho kwenye simu. "Marahaba, baba," dada akaitikia, ingawa shikamoo yenyewe hakupewa. Ndivyo walivyo hawa. Inabidi uitikie salamu ambayo hujasalimiwa. Kisha kijana akamuuliza kwa Kiingereza kama alikuwa anatoka shambani. Hakuwa na nia mbaya, ndiyo lugha inayomjia kwanza. Dada akanitazama mimi. Halafu akatabasamu kama mtu mwenye masikio mazito, akabeba kiroba chake akaenda jikoni.

Nilimfuata. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, ameshaanza kumenya. Nikakaa sakafuni, magoti yangu haya, nikachukua maganda machache ili mikono iwe na kazi.

"Dada, nisamehe."

"Nikusamehe nini tena, sikukuu hii?"

"Lile kofi. La dirishani."

Aliendelea kumenya. "Lile? Lile nilikusamehe njiani, hata nyumbani hatujafika. Yule mwalimu angekuumiza."

Machozi yalinitoka, nikadhani ni ya furaha. Miaka yote hii, na kumbe mzigo ulikuwa hauna kitu ndani. Nilitaka kumshika mkono, lakini yeye alikuwa ameacha kumenya.

"Ila liko jingine, mdogo wangu. Kwa kuwa umelianzisha mwenyewe."

"Lipi?"

"Ile asubuhi niliyosema kichwa. Kichwa hakikuwa kinauma. Nilikuwa nimeshavaa sare, nimejifunga khanga juu. Nilitaka useme tu, 'Dada, twende.' Kesho yake nikavaa tena. Wiki nzima navaa. Ukawa unapita pale mlangoni unatazama chini." Akaokota ganda jingine. "Ungesema, ningenyanyuka."

Hakuwa na hasira. Alisema kama anayeeleza mvua ya mwaka fulani. Mimi mwenye mdomo nikachukua ganda jingine, nikamenya. Tukamaliza kumenya mbaazi, akazipika yeye, tukala.

Siku hizi mambo ni tofauti, na nimekoma kuwacheka watoto hawa. Mjukuu wangu akikosa jibu darasani, mwalimu wake anamwambia jaribu tena. Asubuhi akichelewa kutoka, basi la shule linasimama getini na kupiga honi, dereva anamwita kwa jina, mtaa mzima unaamka, na haliondoki mpaka atoke. Dada Mwanahawa hakuwa na basi. Alikuwa na mimi.