Mji Usio na Nyasi Kando ya Njia

Mume wangu alikuwa karani mjini Kisii, na ugonjwa wa makarani ni kuamini kwamba jambo likishaandikwa limekwisha kufanyika. Vita kuu ilikuwa imemalizika miaka michache nyuma. Aliomba ruhusa ya siku mbili tatu za kuunganisha na Pasaka, akachukua daftari, akapiga mistari kwa rula na kuandika juu kabisa: "Safari ya Mombasa." Kisha akaja jikoni kuniuliza Mombasa kukoje.

Nililelewa huko hadi nilipotimiza miaka kumi na miwili. Baba yangu alibeba mizigo bandarini, nasi tulipanga chumba kimoja Mji wa Kale kwa bibi mmoja aliyenifundisha Kiswahili cha kumtukana mtu kwa adabu. Nilipoolewa huku milimani Manga nilijisifia mji ule, ngome yake na kuta zake, mpaka wanawake wenzangu pale kisimani wakachoka nao. Kwa hiyo chanzo cha safari ile ni mdomo wangu, nakubali.

Lakini aliyetaka kwenda hasa ni baba mkwe. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kufunikwa na ukungu, na la kulia lilianza kufuata. Dresa wa zahanati alimwambia asitegemee kuyaona mavuno yajayo. Mzee hakulalamika. Alisema anataka kuona maji yasiyo na ng'ambo, halafu macho yafanye yatakavyo. Ziwa alishaliona kule Kisumu na akalidharau, kwa sababu upande wa pili aliona vilima.

Sasa, kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe wana heshima yao. Tunaiita chinsoni, na haina mzaha. Sikumpa mkono, sikula mbele yake, na nikikutana naye njiani niliingia kwenye nyasi nikageuka kando mpaka apite. Tulipendana sana, kwa mbali. Maneno yetu yalipitia kwa mama mkwe, na mama mkwe hakuwahi kufikisha ujumbe bila kuutia chumvi. Nikisema uji uko tayari, mzee aliambiwa nimeamka alfajiri kwa ajili yake nikiwa na homa.

"Treni ina viti vya kutazamana," nilimwambia mume wangu.

"Tutaweka blanketi katikati." Akaandika: blanketi.

"Na vichochoro vya Mji wa Kale? Ukuta huku, ukuta huku. Watu wawili wakikutana wanagusana mabega. Nyasi za kuingilia nitazitoa wapi?"

Hapo alitafuna penseli. Alipendekeza niwe natembea nyuma hatua ishirini. Nikamuuliza nani atamwonyesha baba yake njia, ikiwa mimi peke yangu ndiye niijuaye. Akapendekeza mwavuli nijifunike. Akapendekeza nipige kengele kwenye kila kona. Nilimwambia kengele aifunge shingoni mwake, nikaenda zangu kumenya ndizi kwa hasira. Daftari lilikuwa limefika ukurasa wa saba, na ukurasa wa sita wote ulihusu kuingia ndani ya ngome. Siku zile ngome ilikuwa jela. Nilimwacha aumalize ukurasa kwanza, ndipo nikamwambia kwamba wanaoingia mle wamehukumiwa.

Alasiri moja ya siku ya soko aliamua tufanye mazoezi. Alipanga viti uani, akatundika blanketi kwenye kamba, akamketisha baba yake upande mmoja na mimi upande wa pili. Yeye akawa gadi wa treni, na filimbi mdomoni. Watu waliotoka sokoni walisimama na vikapu vyao kutazama. Mtu mmoja aliuliza kama tumerukwa na akili, mwingine akauliza kama kuna nafasi.

Tulikwenda vizuri mpaka Nakuru. Kati ya Nakuru na Nairobi mbuzi akaanza kutafuna pindo la blanketi, na gadi akaacha treni yake akamfukuza mbuzi hadi nyuma ya ghala, huku akipaza sauti, "Nairobi! Nairobi! Wote mshuke!"

Baba mkwe alikuwa mtu wa kutii amri za serikali. Akashuka.

Kwa chini ya blanketi niliona miguu yake miwili na fimbo yake. Nilitazama inaelekea wapi. Ua wetu, kama nyua zote za Manga, unakwisha ghafla, halafu ni mteremko mpaka migombani. Miguu ilikwenda moja kwa moja kule, bila wasiwasi, miguu ya mtu anayekwenda kupanda treni nyingine. Nilielewa wakati ule kwamba hata jicho la kulia halikuwa limebakiza mengi. Nilipita katikati ya blanketi, kamba ikakatika, nikamshika mkono.

Nilikuwa nimemgusa baba mkwe wangu mchana kweupe, mbele ya nusu ya soko. Sikuuachia mkono, kwa maana kisigino chake kimoja kilikuwa ukingoni.

"Ni nani huyu?" aliuliza.

"Ni mimi," alisema mama mkwe, aliyekuwa mlangoni pa jiko, hatua kumi kutoka pale, na sinia ya wimbi mikononi. "Ni mimi, mzee. Nani mwingine?"

Mzee aligeuza kichwa kuelekea jikoni ilikotoka sauti. Kisha akakigeuzia kwenye mkono uliomshika.

"Umekonda ghafla," alisema.

"Ni mawazo ya safari," alijibu mama mkwe bila haya.

Mzee akafikiri. "Basi huko Mombasa pia, wewe ndiye utakayenishika. Hivi hivi. Mwambie kijana aandike."

Na kijana aliandika. Mama mkwe, ambaye hakuwa amepangwa kwenda, akaingizwa ukurasa wa nane.

Tulifika Jumamosi asubuhi. Nilimshika mkono vichochoroni na mama mkwe akawa anajibu kwa nyuma yetu. Kwenye ngome nilikataa tusimame, kwa kuwa pale maji yana ng'ambo. Nilimpeleka kwa kuifuata pwani mpaka mnara wa taa, nikamgeuza mabega, taratibu, akaelekea bahari yenyewe. Jicho lile moja lilifunguka, likatoa machozi kwa mwangaza. Alitazama muda mrefu mpaka mume wangu akaanza kuchungulia daftari.

"Mama wa watoto wangu," alisema mzee, bado akitazama majini. "Ukirudi nyumbani mwambie mke wa mwanangu kwamba nimeyaona. Mwambie kweli hayana ng'ambo. Mwambie asante."

Mama mkwe alikuwa hatua kumi nyuma yetu, anatafuna muhogo wa pilipili. "Nitamwambia," alisema.

Hakuongeza neno. Ulikuwa ujumbe wa kwanza kunifikia bila chumvi, nami niliusikiliza nikiwa nimeushika mkono wa aliyeutuma.