Kisigino cha Shemeji

Katika chumba cha dharura walimwita Mama Mkasi. Mgonjwa wa mguu akimfikia tabibu huyu, hata hajamaliza kuguna, suruali imeshapasuliwa mpaka pajani. Goti lililovaa suruali halipimiki, alikuwa akisema, na nani wa kumbishia.

Siku moja akaletwa mume wa dada yake, fundi cherehani. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi za duka, goti likapiga ukingo wa saruji. Lilikuwa limevimba kama boga. Mama Mkasi akashika mkasi.

"Shemeji, suruali hii nimeishona mwenyewe," fundi akasema, jasho likimtiririka. "Fumua mshono. Ukikata kitambaa, kwangu usikanyage."

"Unakufa na maumivu, bado unaringia suruali?"

Lakini akaufumua, huku akinung'unika. Ngozi haikuchanika, afadhali. Vidole vya mguu vina joto, mapigo ya damu yapo. Akaigusa pia ya goti, kile kifupa cha mbele, na fundi akang'ata mkono wa shati.

"Mguu uwe umenyooka hivyohivyo. Inua kisigino."

Kisigino hakikusogea. Mama Mkasi akawaza mabaya. Huenda vipande vya mfupa vimeachana, na hapo ni upasuaji tu. Na shemeji yake anakula kwa cherehani ya kukanyaga. Dada yake, aliyemleta mumewe, alisimama mlangoni, macho kwenye kisigino kile.

Ndipo Mama Mkasi akajipiga paji la uso. Haraka haina baraka! Mgeni angempa kwanza dawa ya maumivu, maana maumivu peke yake huweza kukizuia kisigino. Mtu wa nyumbani amemrukia tu. Akamchoma sindano, akaweka barafu iliyofungwa kitambaani, akamkataza dada kumpa hata chai mpaka wajue kama kuna upasuaji. Picha ya eksirei ikarudi: ufa mmoja, vipande havijaachana. Kilichobaki ni kukijaribu tena kisigino.

"Haya shemeji. Tena."

Paja likakaza, likatetemeka. Kisigino kikabanduka kwenye shuka, kidogo, kisha zaidi, kikabaki hewani. Dada akaangua kilio, na Mama Mkasi akaruka kama mtoto, kazini, mbele ya wagonjwa.

Alipomaliza kuufunga mguu kwa banzi, umenyooka toka pajani hadi kifundoni, fundi akaomba suruali yake. Akaupitisha mkono kwenye mshono uliofumuliwa.

"Usiniletee mtu wa kuushona," akasema, machozi yakimlengalenga. "Nitaushona mwenyewe, kwa mguu huuhuu."